Njia ya Mkato: Msimu wa Kwanza wa Pokémon

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wapenzi wa katuni za Kijapani kabla ya kutazama kwa pamoja vipindi vya msimu wa kwanza. Tunaiweka nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani tumeziacha.

Wakubwa, shikamooni. Vijana, hamjambo? Na nyinyi wadogo mliokaa chini pale mbele kabisa, nawaomba msogee nyuma, hatua tatu nne hivi. Sababu nitaieleza, na nikishaieleza mtaona kwamba sikuwaonea.

Ndugu zangu, tumekuja kutazama Ligi ya Indigo, msimu wa kwanza wa Pokémon, wale viumbe wa ajabu wanaokamatwa na kufundishwa kupigana. Vipindi 82 kwa hesabu ya Japani, vilivyoanza kurushwa na TV Tokyo tarehe 1 Aprili 1997. Mwongozaji Kunihiko Yuyama, mwandishi mkuu Takeshi Shudo, studio OLM. Hadithi yenyewe hakuna asiyeijua humu ndani: mtoto wa miaka kumi, Satoshi kwa Wajapani, Ash kwa sisi wengine, anachelewa kuamka siku ya kuchagua Pokémon wake wa kwanza. Anafika mbio na nguo za kulalia, anakuta Bulbasaur ameshachukuliwa, Squirtle ameshachukuliwa, Charmander ameshachukuliwa. Anapewa aliyebaki. Aliyebaki ni Pikachu, panya mdogo wa umeme, na Pikachu hamtaki.

Basi. Tangu msimu huu umalizike, watazamaji wana lalamiko moja. Ash ametembea nchi nzima, ana beji nane, moja kwa kila jimu, yaani ukumbi wa mapambano, amefika kwenye ligi, yaani mashindano makuu, halafu anatolewa raundi ya tano na Ritchie, mtoto mwenzake, kwa sababu Charizard, joka lake la moto, kalala katikati ya uwanja. Kalala! Watu wanasema waandishi walimwonea. Wanasema ule si mwisho, ule ni uhuni.

Mimi nimesimama hapa kusema kwamba hakuonewa. Ash alishindwa pale kwa sababu zilizoanza kujengwa tangu kipindi cha tano, mbele ya macho yetu, tukawa tunashangilia. Msimu huu wote unazungumzia kitu kimoja: njia ya mkato. Nani aliipita, nani aliikataa, na ilimfikisha wapi. Na nitakwenda mbali zaidi: waliotengeneza msimu huu, na waliousambaza, nao waliipita njia hiyohiyo, nayo ikawafikisha pabaya.

Tuanze na yule aliyeikataa.

Kipindi cha 14, mji wa Vermilion. Kiongozi wa jimu ni Luteni Surge, jitu la miraba minne, na Pokémon wake ni Raichu, umbo kubwa la Pikachu. Pambano la kwanza halina hata la kusimulia. Pikachu anapigwa mpaka anapelekwa hospitali ya Pokémon, amelazwa, hajiwezi. Surge anamwambia Ash waziwazi: mimi wangu nilimbadilisha umbo mara tu nilipomkamata, wewe unamlea mtoto mchanga. Usiku ule nesi Joy anamletea Ash jiwe. Jiwe la Radi. Ukimgusisha Pikachu, hapohapo anakuwa Raichu.

Jamani, jiweke mahali pa yule mtoto. Umeshindwa mchana mbele za watu. Mkononi una kitu cha kumaliza tatizo kwa sekunde moja. Ungefanyaje?

Ash anafanya jambo ambalo kwa umri wake ni kubwa: anamuuliza Pikachu. Anamwekea jiwe mbele yake, uamuzi ni wako. Na Pikachu, aliyefungwa bendeji, analipiga jiwe kwa mkia, linaruka kule. Anataka kumshinda Raichu akiwa Pikachu.

Hapa ndipo penye utamu, na hapa ndipo wanaojua michezo ya video ya Pokémon ya Game Boy wanapotabasamu. Katika Pokémon Red na Blue, Jiwe la Radi linauzwa dukani Celadon kwa 2,100, fedha ya mchezo. Bei ya kawaida tu. Lakini tazama Pikachu anavyojifunza akipanda levo: levo ya 16 anapata shambulio la chapuchapu, lile la kumfikia adui kabla hajajiandaa. Levo ya 26 anapata nyota, ambazo hazikosi shabaha. Levo ya 33 anapata wepesi. Levo ya 43 anapata radi yenyewe. Je, Raichu anajifunza nini akipanda levo? Hakuna. Narudia: hakuna. Siku unayomgusisha jiwe ndiyo siku masomo yake yanakoma. Ukimbadilisha akiwa levo ya 10, utakuwa na Raichu mwenye misuli asiye na shambulio la chapuchapu, asiye na wepesi, na hatapata tena kwa kupanda levo. Anayeijua kazi hii hukaa na Pikachu mpaka levo ya 43, amalize masomo, ndipo atumie jiwe.

Waandishi wa katuni waliichukua kanuni hii wakaigeuza kuwa pambano. Ash anagundua kwamba Raichu wa Surge hana mbio, kwa sababu alibadilishwa mapema mno. Basi pambano la marudiano, amri ni moja tu: kimbia. Pikachu anakwepa, anakwepa, anakwepa. Raichu anamwaga umeme ovyo mpaka unamwishia. Na lile pigo kubwa lililotakiwa kummaliza, Pikachu anausimamisha mkia wake ardhini na umeme wote unapita mkiani unaingia chini, kama fundi umeme anavyofunga waya wa ethi kwenye nyumba. Itazameni ile picha polepole siku mkipata nafasi. Mwili haukuguswa. Ni mkia tu uliobeba mzigo wote.

Hiyo ndiyo beji ya tatu. Ash aliistahili mpaka senti ya mwisho.

Sasa naomba tuzihesabu zile nyingine. Tuhesabu pamoja, na mwenye kunikosoa anikosoe.

Beji ya kwanza, Boulder, mji wa Pewter, kiongozi Brock. Ash anapigwa mara ya kwanza kwa sababu iliyo wazi: Onix, Pokémon wa Brock, ni wa mawe na ardhi, umeme hauna la kumfanya. Baba yake Brock anamchukua hadi kwenye mtambo wa zamani wa umeme wa maji. Mto umekauka, kwa hiyo Ash mwenyewe analisukuma gurudumu kwa miguu, Pikachu anachajiwa kama betri ya gari. Wanarudi. Umeme mwingi mno, cheche zinaruka mpaka darini, moto unawaka, mabomba ya kuzimia moto yanafunguka yenyewe. Onix analowa chapachapa. Jiwe kavu halipitishi umeme, jiwe lililolowa ni habari nyingine, Onix anaporomoka. Na hapo wadogo zake Brock wanamrukia Ash wakilia, muache kaka yetu, muache Pokémon wake. Ash anamrudisha Pikachu. Anasema maji yale yalikuwa ajali, hakushinda kihalali, atarudi. Anaondoka bila beji. Brock ndiye anayemkimbilia njiani na kumpa.

Je, alishinda? Alionyesha ubinadamu mkubwa, na ninampenda Ash kwa hilo. Lakini beji alipewa.

Beji ya pili, Cascade, mji wa Cerulean. Wenye jimu ni dada zake Misty, msichana anayesafiri na Ash. Wamepigwa mara tatu mfululizo na watoto kutoka Pallet, kwao Ash, wamechoka, wanataka kumpa beji bila pambano, kama mtu anayegawa vipeperushi. Misty anakuja juu, anapigana yeye. Pambano linanoga, Team Rocket, wale wezi wa Pokémon, wanavunja ukuta na mashine ya kufyonza maji, pambano linakufa katikati. Pikachu anawatimua wezi. Dada wanasema, Pikachu angeingia ungeshinda, chukua. Alipewa.

Ya nne, Marsh, mji wa Saffron, Sabrina. Mara ya kwanza anashindwa vibaya, yeye na marafiki zake wananaswa kwenye nyumba ya wanasesere. Anakwenda mnara wa Lavender kutafuta mzuka, anarudi na Haunter, na Haunter hapigani kabisa. Anamchekesha Sabrina. Sabrina, binti ambaye hajacheka miaka, anacheka, na kwa kuwa akili yake imeunganishwa na ya Pokémon wake Kadabra, Kadabra naye anagaragara kwa kicheko, hawezi kupigana. Ni moja ya sehemu nzuri kuliko zote za msimu, sibishi. Lakini pambano halikuwepo.

Ya tano, Rainbow, mji wa Celadon, Erika. Ash anayatukana manukato yao, anafukuzwa, anaingia kwa kujifanya msichana, pambano linaanza, Team Rocket wanawasha moto, Ash anaingia ndani ya moto kumuokoa Gloom, Pokémon wa Erika. Erika anampa beji kwa shukrani.

Kisha ya sita kwa Koga alishinda, Charmander alimchoma Golbat, safi. Ya saba kwa Blaine alishinda marudiano kileleni pa volkano. Ya nane, Earth, kiongozi halisi Giovanni hakuwepo, aliwaachia jimu Jessie na James, walewale wa Team Rocket. Alishinda, lakini aliyeshindwa hakuwa kiongozi.

Haya, jumlisheni. Beji nane. Nne alipewa au alizipata pasipo pambano kumalizika. Moja alimshinda mlinzi wa zamu. Tatu ndizo alizozifanyia kazi mbele ya kiongozi mwenyewe mpaka mwisho.

Tulishangilia zote nane sawasawa. Je, kuna hata mmoja wetu aliyesimama akauliza, huyu mtoto amejifunza kupigana lini?

Nendeni nami kwenye jambo la tatu, na hili ndilo naomba mlibebe. Charizard.

Kipindi cha 11. Charmander ameachwa juu ya jiwe porini. Mwenye naye, Damian, amemwambia nisubiri hapa, narudi. Harudi. Mvua inakuja. Sasa kumbukeni Charmander ana moto kwenye ncha ya mkia, na moto ule ukizimika, amekufa. Anakaa pale juu ya jiwe, ameshika jani kubwa kujikinga, na hasogei, kwa sababu aliambiwa asubiri. Ash na Brock, ambaye sasa anasafiri naye, wanamkuta moto umebaki kama wa kibiriti. Wanamfunika kwa koti, wanakimbia naye kwenye mvua hadi hospitali. Na baadaye kabisa, Damian anapojitokeza kumdai baada ya kuona ana nguvu, Charmander anachagua mwenyewe. Anamchagua Ash.

Katika msimu mzima, huyo ndiye Pokémon mtiifu kuliko wote. Alitii mpaka nusura afe. Shikeni hilo.

Kipindi cha 43 anapambana na kundi zima la Exeggutor, anabadilika, anakuwa Charmeleon. Na jambo la kwanza analofanya ni kumpulizia Ash moto usoni. Tukacheka. Kipindi cha 46, vipindi vitatu tu baadaye, anapambana na Aerodactyl, anabadilika tena, anakuwa Charizard. Ash amebebwa juu na Aerodactyl, anamwona Charizard anapaa kumfuata, anadhani anakuja kumwokoa. Hakuwa anakuja kumwokoa. Alikuwa amemwona mpinzani wa saizi yake.

Vipindi vitatu! Bulbasaur hakubadilika msimu wote. Squirtle hakubadilika. Pikachu alilipiga jiwe kwa mkia. Huyu mmoja alipanda ngazi mbili ndani ya vipindi vitatu, na mwenye naye hakupanda hata moja.

Na sasa nawaonyesha kitu ambacho mimi kila nikikifikiria nasisimka. Kwenye mchezo wa Red na Blue kuna kanuni ya utii. Pokémon uliyempata kwa mtu mwingine hakutii mpaka uwe na beji inayotosha. Beji ya Cascade inamfanya atii hadi levo ya 30. Beji ya Rainbow, hadi levo ya 50. Beji ya Marsh, hadi levo ya 70. Ya Earth, levo zote. Usipokuwa nazo, unatoa amri, yeye analala. Kweli kabisa, mchezo unakuandikia kwenye kioo kwamba amelala.

Charmander alitoka kwa nani? Kwa mtu mwingine. Damian.

Na beji za utii ni zipi? Cascade. Rainbow. Marsh. Earth. Rudini kwenye hesabu yetu. Cascade alipewa. Rainbow alipewa. Marsh alicheka Kadabra. Earth hakumwona hata kiongozi. Zile beji nne zinazobeba utii kwenye mchezo, hakuna hata moja ambayo Ash aliishinda mbele ya kiongozi mpaka mwisho. Sisemi Shudo na wenzake walikaa mezani wakalipanga hivyo. Ninachosema ni kwamba kimekaa pale, na ukishakiona huwezi tena kukitazama kile kipindi cha Ritchie ukasema mtoto kaonewa.

Haya, uwanjani. Raundi nne za mwanzo za ligi zilichezwa kwenye viwanja vinne tofauti: maji, mawe, barafu, nyasi. Ash alipita zote, na wengine walishangaza, kama Krabby aliyekuwa hajapigana pambano lolote, akaingia kwenye maji, akageuka Kingler na kuwamaliza watatu wa mpinzani peke yake. Raundi ya tano ni uwanja mkuu, watatu kwa watatu, na Ritchie. Siku hiyo Team Rocket wamemteka Ash njiani, Pokémon wake wamechoka katika kujinasua, amefika amechelewa. Anaanza na Squirtle, Butterfree wa Ritchie anamnyunyizia unga wa usingizi, Squirtle chali. Pikachu anaingia, anamwangusha Butterfree, kisha anaangushwa na Charmander wa Ritchie. Kabaki mmoja.

Tazama Charizard anapoingia. Anamshinda Charmander wa Ritchie bila jasho. Ritchie anamtoa wa mwisho, Pikachu wake, anaitwa Sparky. Na hapo Charizard anamtazama yule panya mdogo wa manjano, anaona hana hadhi ya kupigana naye. Anageuka. Anajilaza. Ash anapiga kelele, anamsihi, anamwamrisha, jukwaa zima limenyamaza. Mwamuzi anainua bendera.

Ash alikuwa na silaha kubwa kuliko zote uwanjani siku ile. Silaha haikuwa yake.

Na Ritchie? Ritchie alitolewa raundi iliyofuata. Waandishi hawakutaka tudhani kwamba aliyemtoa Ash ni bingwa. Alikuwa mtoto wa kawaida ambaye Pokémon wake watatu walimsikiliza.

Sasa naja kwenye lile nililowaahidi wadogo zangu wa mbele. Naona mmeanza kurudi polepole. Rudini nyuma.

Tarehe 16 Desemba 1997, Jumanne jioni, kilirushwa kipindi cha 38, kile cha Porygon, Pokémon aliyetengenezwa kwa kompyuta. Ash na wenzake wanaingia ndani ya kompyuta inayosafirisha Pokémon. Saa moja kasoro usiku, kwa saa za Japani, Pikachu anayapiga kwa umeme makombora yanayowafuata, na mlipuko unaonyeshwa kwa skrini nzima kuwaka nyekundu na bluu, nyekundu na bluu. Filamu ya katuni inakwenda picha 24 kwa sekunde. Picha moja nyekundu, inayofuata bluu: hiyo ni mizunguko 12 kila sekunde, kwa sekunde chache tu. Watu 685, wengi wao watoto, walipelekwa hospitali. Degedege, kutapika, macho kuona giza. Wengi hawakuwa na historia ya kifafa kabisa. Na usiku ule baadhi ya taarifa za habari zikarusha kile kipande tena, na watu wengine wakaanguka.

Kwa nini walifanya vile? Kwa sababu ilikuwa desturi ya kazi. Watengenezaji katuni wa Japani walikuwa wakimulikisha rangi namna ile kuongeza msisimko siku zote, hata jina ina, pakapaka. Mlipuko wa kuchora unataka karatasi nyingi na mikono mingi, na kipindi lazima kiwe tayari kila wiki. Rangi mbili zinazopishana hazitaki chochote. Njia ya mkato, ndugu zangu. Iliwahi kupitwa mara nyingi bila madhara makubwa, mpaka siku ile nyekundu ilipokutana na bluu, kwa kasi ile, kwenye skrini nzima, na watoto wamekaa puani mwa televisheni chumba kikiwa giza.

Mfululizo ulisimama miezi minne. Ulirudi tarehe 16 Aprili 1998, na mwezi huohuo watangazaji wa Japani wakatoa kanuni: mmuliko usizidi mara tatu kwa sekunde, nyekundu ichungwe zaidi, na mistari mingi inayopishana isijaze skrini. Tangu hapo katuni nyingi za Kijapani huanza na onyo: tazama kwenye chumba chenye mwanga, kaa mbali na televisheni.

Na Porygon, masikini, ndiye aliyebeba lawama. Aliyepiga yale makombora ni Pikachu! Porygon na wale anaobadilika kuwa wao hawakupewa tena nafasi ya kweli kwenye katuni. Hilo ndilo moja kwenye historia yote hii linaloniuma hasa.

Wazazi, mnaoonyesha watoto katuni za zamani nyumbani, chukueni haya. Taa ya chumba iwake, msizime ili ifanane na sinema. Mtoto akae angalau mita mbili kutoka kwenye televisheni, kwa sababu kadiri skrini inavyojaza macho ndivyo mmuliko unavyopiga sehemu kubwa ya ubongo. Simu mkononi, isiwe chini ya shuka gizani. Mmuliko ukianza na mtu akajisikia vibaya, azibe jicho moja kwa kiganja na kugeuza uso. Kufumba macho yote mawili hakutoshi, maana mwanga mkali unapita kwenye kope, na ukipita unakuwa mwekundu, na nyekundu ndiyo mbaya. Akianguka kwa degedege, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, tazama saa. Msimtie kijiko mdomoni. Msimshike kwa nguvu. Ikizidi dakika tano, hospitali.

La mwisho ni fupi. Wengi wetu tuliuona msimu huu kwa Kiingereza, toleo la Marekani lililoanza Septemba 1998, na toleo lile lilikatwa. Matonge ya wali ya Brock yaliitwa donati za jamu, hilo unaweza kulisamehe, ingawa macho yanaona wazi kwamba ni wali. Lakini kipindi cha 35 kiliondolewa chote kwa sababu ya bunduki: mlinzi wa mbuga ya Safari, mzee Kaiser, anawaelekezea watu bastola usoni. Waliona ni rahisi kukitupa. Tatizo ni kwamba ndani ya kipindi kile Ash anakamata Tauros 30, kila mpira wa kukamatia alioutupa ulimpiga Tauros. Kipindi kimetupwa, Tauros hawakutupwa. Baadaye wanatokea kundi zima kwenye shamba la Profesa Oak, yule aliyempa Ash Pikachu, na mtazamaji wa Kiingereza anabaki anajiuliza, huyu mtoto kawatoa wapi ng'ombe wote hawa? Basi mkiulizwa na wadogo zenu, jibu mnalo: kipindi cha 35.

Nimemaliza maneno, tutazame. Tunaanza na cha 11, kisha cha 14, kisha 43 na 46, halafu tunaruka hadi pambano la Ritchie. Nina ombi moja. Kwenye cha 11, Charmander akiwa juu ya jiwe, msitazame uso wake, tazameni ncha ya mkia: ule moto umechorwa unapungua picha kwa picha, kila wanapomrudia ni mdogo kuliko mwanzo. Na Charizard akijilaza kule mwisho, tazameni tena mkia uleule. Unawaka mkubwa kama mwenge.

Kaka pale mlangoni, taa usizime. Ziache ziwake. Wadogo zangu, hatua moja zaidi nyuma. Haya, weka.